Uzi: Umeambiwa utawekewa "chuma" begani cha kushikilia kano? Pitia hapa kabla hujaingia chumba cha upasuaji

Fizio_Msafiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Swali la "chuma cha bega" linarudi humu jukwaani kila mara, na majibu yanakuja ya aina mbili. Wapo wanaotisha watu kwamba chuma kitatembea mwilini mpaka kiue. Wapo wanaosema ukishawekewa chuma bega ni jipya, rudi kabebe mizigo. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, wagonjwa wa bega ndio ninaoshinda nao, na hilo kundi la pili linaniuma zaidi kwa sababu ndilo linalorudi na kano iliyochanika upya. Nimeona nianzishe uzi mmoja ulioshiba, watu wawe wanaelekezwa hapa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Hizi si bamba wala vyuma virefu wanavyowekewa waliovunjika paja. Ni kidude kidogo kinachoitwa nanga, na kazi yake ni moja tu: kukaa ndani ya mfupa na kushikilia uzi wa kushonea. Uzi huo ndio unaopita kwenye kano (inayounganisha msuli na mfupa) au ligamenti (inayounganisha mfupa na mfupa) iliyochomoka na kuirudisha pale ilipokuwa imeshika. Nanga za kano kubwa za bega huwa na upana wa milimita 4.5 hadi 6.5. Za kwenye ukingo wa kikombe cha bega, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa, ni kama milimita 3. Za vidole vya mkono ni ndogo zaidi, nyingine hazifiki milimita 2. Bega ndilo linaloongoza kwa matumizi, lakini zinawekwa pia kwenye kiwiko pale kano ya misuli ya mbele ya mkono inapong'oka, kwenye kifundo cha mguu kilichoteguka mara nyingi hadi ligamenti zikalegea, kwenye kano ya kisigino na kwingineko.

Kabla ya nanga madaktari walifanyaje? Walitoboa mfupa. Codman wa Boston alichapisha mwaka 1911 taarifa ya kushona kano ya juu ya bega iliyokatika kabisa. Bankart wa London akaeleza mwaka 1923 kwamba bega linalochomoka mara kwa mara tatizo lake ni ule mkunjo wa gegedu (tishu laini ngumu ya kwenye kiungo) na ligamenti uliobanduka kwenye ukingo wa kikombe, na kwamba tiba ni kuurudisha pale. Shida ni kuwa ukingo huo uko ndani kabisa, mfupa wenyewe mwembamba, na kupitisha tundu pale kisha kuvuta uzi upande wa pili kulihitaji jeraha kubwa na mkono wenye subira. Ndiyo maana wengine wakakimbilia pini za kugongelea na skrubu za kawaida. Mwaka 1984 Zuckerman na Matsen, Marekani, wakaandika juu ya wagonjwa waliodhurika kwa skrubu na pini hizo: zilizolegea, zilizohama, zilizokwangua gegedu. Kwa hiyo huu uvumi wa "chuma kinatembea" una chimbuko. Lakini vyuma vile vilipigiliwa karibu kabisa na kiungo, kichwa chake kikabaki nje ya mfupa. Nanga ya leo inazama yote, kinachobaki nje ni uzi.

Hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya nanga ya kwanza ya namna hii ilitolewa Marekani mwishoni mwa 1986, kwa majina ya E. Marlowe Goble na W. Karl Somers. Baada ya hapo zikaja za kila umbo. Kuna zenye hesi, zinazosokotwa ndani ya mfupa. Kuna zile za kampuni ya Mitek ambazo mwili wake ni titani na zina mikono midogo ya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaoweza kupindwa sana kisha ukarudi kwenye umbo lake. Ukiisukuma nanga hiyo ndani ya tundu, mikono inabanwa ikanyooka. Ikishavuka gamba gumu la nje la mfupa inafunguka na kukwama chini ya gamba. Ukivuta uzi, ndiyo kwanza inajikaza.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Nanga haiponyeshi kitu. Inashikilia tu. Kinachoponya ni kano yenyewe kuota tena kwenye mfupa, na hiyo ni kazi ya mwili, haina njia ya mkato. Wiki za mwanzo pale katikati ya kano na mfupa kuna kovu changa tu, laini, na mzigo wote uko kwenye uzi na nanga. Kuelekea wiki ya 12 nyuzinyuzi za kolajeni zinakuwa zimeanza kuingia mfupani na kushika, kisha kovu linaendelea kukomaa kwa miezi. Na hata likikomaa, ule muungano wa asili uliozaliwa nao, unaobadilika taratibu kutoka kano kwenda gegedu kwenda mfupa, haurudi ulivyokuwa. Unapata kovu imara, na kovu imara linatosha kuishi na kufanya kazi, ila lazima ulipe muda wake.

Kwa hiyo mtu anapovua kitambaa cha kuning'iniza mkono wiki ya tatu kwa sababu "hakuna maumivu tena", anachofanya ni kuutwisha uzi kazi ambayo haukutengenezewa. Maumivu yanaisha mapema sana kuliko kano inavyoshika. Naomba hili lisomwe mara mbili.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Sista_Thieta

Umenena mkuu. Mimi nipo upande wa ndani, napanga vifaa na kumkabidhi daktari, niongezee kile wagonjwa wasichokiona kwa sababu wamelala.

Nanga inakuja kwenye pakiti mbili, moja ndani ya nyingine, imeshatakaswa kiwandani. Haiguswi kwa mkono. Imevikwa kwenye ncha ya mpini unaofanana na bisibisi, na nyuzi zake zimeshapitishwa kwenye tundu lake na kulazwa ndani ya mpini. Mara nyingi ni nyuzi mbili za rangi tofauti, kwa mfano moja nyeupe na nyingine ya buluu, ili zisichanganywe wakati wa kufunga mafundo. Daktari anakwangua kwanza mfupa pale kano itakapokaa mpaka uvujevuje damu kidogo, kwa sababu damu hiyo ndiyo inayoleta chembe za kuponya. Anaanzisha tundu kwa sindano nene ya chuma na nyundo, kisha anasokota nanga taratibu. Kwenye mpini kuna mstari mweusi, na mstari huo ukifika usawa wa mfupa anasimama. Hapo anavuta nyuzi kwa nguvu akiangalia kwenye skrini ya kamera iliyoingizwa begani kama nanga imetikisika. Ikitikisika anaitoa, anahamia sehemu nyingine au anaweka nene zaidi. Nimewaona wakifanya hivyo bila kinyongo, hata kama nanga ile imegharimu hela ndefu.

Mafundo nayo yana nidhamu yake. Fundo likilegea hata kidogo, kano inaachana na mfupa na hakuna cha kuota hapo.

---

Fundi_Gereji255

Wakuu, mimi ni mtu wa chuma na mbao. Parafujo ndogo hivyo kwenye mfupa wenye vitundu ndani, haichomoki kweli? Mkono wa mtu una nguvu.

---

Fizio_Msafiri

Swali zuri, na kuna daktari aliliumizia kichwa. Stephen Burkhart wa San Antonio, Texas, mwaka 1995 aliandika makala akitumia uzio wa mashamba ya Texas kusini. Nguzo ya kona inavutwa na waya wa uzio mzima, kwa hiyo wafugaji hufukia kitu kizito ardhini nyuma yake na kuifunga nguzo kwa waya unaoshuka kwa mshazari hadi pale. Akasema nanga nayo iingie kwa mshazari dhidi ya mvuto wa kano, pembe isizidi digrii 45. Madaktari wengi wamefundishwa hivyo hadi leo. Majaribio ya maabara ya baadaye hayakukubaliana naye yote, mengine yaliona nanga za hesi zilizosimama wima zinashika vizuri vilevile au zaidi. Ila wazo lake la msingi limebaki: uelekeo wa mvuto ni sehemu ya nguvu ya nanga.

La pili ni mfupa wenyewe. Kijana ana mfupa uliojaa, hesi inauma kisawasawa. Mzee, hasa mama aliyekoma hedhi miaka mingi, sehemu ile ya juu ya mfupa wa mkono inakuwa na uwazi ndani. Ndiyo maana daktari huitafuta sehemu iliyo karibu na gegedu la kiungo, ambako mfupa huwa mzito zaidi.

Na la tatu, ambalo wengi hawalitegemei: siku hizi si nanga wala uzi unaoshindwa kwanza. Zamani nyuzi za poliesta zilikuwa zinakatika. Kuanzia miaka ya 2000 zikaja nyuzi za poliethilini ngumu sana, hazikatiki kirahisi. Matokeo yake kinachoachia sasa mara nyingi ni kano, uzi unaipasua na kupita. Chuma kimebaki pale pale kwenye picha, mgonjwa anaambiwa "chuma kiko vizuri", na mkono haunyanyuki.

---

Beki_Tatu

Niko Mbeya, nacheza beki ligi ya mkoa. Bega langu la kulia lilikuwa linachomoka, mwanzo kwenye mechi, mwisho likawa linachomoka hata nikigeuka kitandani. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa nanga tatu, sitaitaja hospitali. Nikapumzika kama nilivyoambiwa, mazoezi nikafanya yote. Nimerudi uwanjani msimu huu, nimeanguka na mkono nyuma, bega limetoka tena. Picha inaonyesha nanga zote ziko mahali pake. Watu wananiambia niliwekewa feki. Naombeni ukweli.

---

Dkt_Mwanagenzi

Pole sana kamanda. Niko mafunzoni upande wa mifupa, nikujibu kwa uangalifu kwa sababu sijakuona.

Usianze na neno feki. Kila bega linapotoka, kichwa cha mfupa kinagonga ukingo wa mbele wa kikombe. Likitoka mara nyingi ukingo unalika kidogo kidogo, na kichwa chenyewe kinapata bonde kwa nyuma. Sasa nanga inarudisha ligamenti, hairudishi mfupa ulioliwa. Mwaka 2000 Burkhart huyuhuyu na Joe de Beer wa Cape Town walichapisha matokeo ya mabega 194 yaliyotengenezwa kwa nanga kupitia kamera. Wagonjwa ambao mifupa yao haikuwa na upungufu mkubwa, bega lilirudi kutoka kwa asilimia 4. Wenye upungufu mkubwa, asilimia 67. Kwa wachezaji wa michezo ya kugongana wenye upungufu huo ilifika asilimia 89. Upasuaji ni uleule, nanga ni zilezile, lakini mfupa wa chini ndio ulioamua.

Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wako ni hili: je, nilipigwa CT ya bega (picha inayoonyesha mfupa kwa vipande vipande), na ukingo umeliwa kiasi gani? Ukifika kama robo hivi, wengi wanaacha nanga na kufanya upasuaji wa Latarjet, uliobuniwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954. Kipande cha mfupa wa mbele ya bega kinahamishwa pamoja na misuli yake na kufungwa kwa skrubu pale ukingo ulipopungua. Unafanyika Afrika Mashariki, na wachezaji wanarudi uwanjani baada yake. Kwa sasa usicheze. Kila likitoka unapoteza mfupa mwingine.

---

Beki_Tatu

Asante dokta. CT sikupigwa, nilipigwa eksirei tu. Jumatatu narudi kliniki na swali hilo mkononi.

---

Otieno_Lakeside

Wadau, niko Kisumu, nasoma uzi huu tangu juzi. Mzee wangu aliwekewa hizi anka za titani kwa bega, sasa ana shida ya mgongo na ameandikiwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kijana wa mapokezi akamwambia mwenye chuma haingii MRI, akarudishwa nyumbani. Ni kweli? Na uwanja wa ndege je?

---

Vifaa_Tiba

Mhandisi wa vifaa tiba hapa.

Kanuni ya kumuuliza kila mtu kuhusu chuma ni sahihi, maana kuna vifaa ambavyo kweli haviingii. Lakini titani haivutwi na sumaku namna chuma cha kawaida kinavyovutwa. Nanga nyingi za titani zinaruhusiwa kwenye MRI kwa masharti aliyoandika mtengenezaji, na anayetakiwa kuamua ni mtaalamu wa radiolojia akiwa na jina la kifaa, si kijana wa mapokezi. Kinachotokea ni kivuli: picha ya bega lenyewe itachafuka kuzunguka nanga. Mgongo wa mzee uko mbali, utaonekana. Nendeni na karatasi ya upasuaji wake. Uwanja wa ndege kidude kidogo hivyo kwa kawaida hakipigishi kengele.

Nitinoli ina nikeli ndani yake. Mtu ambaye hereni au bizimu ya mkanda wa saa humtoa vipele amwambie daktari mapema. Madhara kwa nanga ni nadra, lakini kuchagua titani isiyo na nitinoli ni jambo rahisi likijulikana kabla.

---

Mama_Tausi

Shikamooni wakubwa zangu humu. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari, kano ya bega imechanika, picha imeonyesha. Daktari kasema tuanze na mazoezi, upasuaji baadaye ikibidi. Ndugu wanasema tunazungushwa kwa sababu hatuna bima kubwa. Na kuna jirani anasema tutafute nanga za plastiki zinazoyeyuka, eti za chuma zimepitwa na wakati.

---

Fizio_Msafiri

Marahaba dada Tausi, na mpe mama pole.

Daktari anayesema muanze na mazoezi hajamtelekeza mama. Kuchanika kwa kano ya bega kwa umri huo ni jambo la kawaida mno, wapo wanaotembea nalo bila kujua. Wengi wanapata nafuu ya kutosha kwa kuimarisha misuli iliyobaki na ile inayoshika mfupa bapa wa nyuma ya bega. Zaidi ya hapo, umri, kisukari, sigara, na misuli iliyokwisha kugeuka mafuta ndivyo vinavyofanya kano iliyoshonwa ichanike tena. Upasuaji kwake si marufuku, ila usipimwe kwa kigezo cha "wenye hela ndio wanaofanyiwa". Kama aliumia ghafla, akaanguka na mkono ukagoma kunyanyuka siku hiyohiyo, hapo mrudisheni haraka, maana kano iliyokatika ghafla haingoji sana kabla ya kujikunja na kurudi nyuma. Sukari ishuke kwanza, kwa njia yoyote atakayopita.

Hilo la plastiki namwachia mhandisi.

---

Vifaa_Tiba

Jirani ana nusu ya ukweli. Ziko za kuyeyuka, na zilipokuja watu walizishangilia. Baadaye ikaonekana nyingine zinaacha uvimbe wa maji ndani ya mfupa au tundu linapanuka, na nyingine zinachukua miaka kuyeyuka. Ziko za PEEK, plastiki ngumu isiyoyeyuka na isiyochafua picha ya MRI. Na ziko mpya zaidi ambazo ni uzi mtupu, fundo laini linalojikunja chini ya gamba la mfupa, tundu lake dogo sana. Zote zinafanya kazi.

Lakini mimi kwa mazingira yetu bado naitetea ya chuma. Hospitali nyingi za wilaya zina eksirei, MRI ziko miji mikubwa. Nanga ya titani inaonekana kwenye eksirei ya bei nafuu. Mgonjwa akirudi na bega linalokwaruza, picha moja inakuambia nanga imekaa au imechomoza. PEEK haionekani hapo kabisa. Ikichomoza ukingoni itakwangua gegedu la kichwa cha mfupa huku picha inaonekana safi. Ubaya wa chuma ni pale upasuaji unapohitaji kurudiwa: nanga za zamani zimejaza nafasi na kuzing'oa kunaacha shimo.

Na kama bei ndiyo kikwazo, Mama Tausi, kuna madaktari ambao hadi leo wanatoboa mfupa na kupitisha uzi bila nanga yoyote. Kwa kano ya juu ya bega matokeo yake yanakaribiana na ya nanga. Si ushamba, ni ufundi.

---

Sista_Thieta

Nakazia hapo. Nimewahi kusimama meza moja na mzee wa kazi anayeshona kano kwa matundu ya mfupa tu, mgonjwa akatoka vizuri.

Jambo moja la mwisho kwa mnaokwenda kuwekewa. Kila pakiti ya nanga inakuja na stika zenye jina la kifaa, saizi na namba ya toleo. Moja tunaibandika kwenye faili lako. Mara nyingi zinabaki za ziada na zinatupwa na pakiti. Siku ya kuruhusiwa, omba ubandikiwe moja kwenye daftari lako la kliniki, au waandike kwa mkono. Mzee wa Otieno angekuwa nayo asingerudishwa nyumbani.

---

Otieno_Lakeside

Nimepiga simu hospitali aliyofanyiwa, wamepata faili na stika iko. Nafuata nakala kesho asubuhi. Asanteni sana.